Msimkatie Msaada Siku Anapotimiza Miaka 19

Barua ya wazi kwa Waziri wa Huduma kwa Watu wa Asili, Ottawa, na kwa Waziri wa Elimu ya Juu wa Jimbo la British Columbia, Victoria

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawaandikia kuhusu wanafunzi wenye ulemavu wanaosoma katika vyuo vya watu wa asili hapa Kanada, hasa vile vidogo vya British Columbia. Nafanya kazi katika kimojawapo. Kazi yangu ni kuhakikisha asiyeona anapata vitabu anavyoweza kuvisoma, kiziwi anapata mkalimani, na mwenye kiti mwendo anafika darasani pamoja na wenzake. Chuo sikitaji, maana ninayoyalalamikia hayakuanzia chuoni. Walimu na wazee wa pale wanafanya zaidi ya wanacholipwa.

Nakala ya Kiingereza mmekwisha kuipata. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa makusudi. Waswahili tuliotoka Tanga, Mombasa, Bukavu na Bujumbura tukahamia nchi hii, wengi wetu sasa ni raia. Tangu Juni 2021, kiapo cha uraia kinamtaka kila anayeapa atambue haki za asili na haki za mikataba za Mataifa ya Kwanza, Wainuiti na Wametisi, makundi matatu ya watu wa asili wa Kanada. Nami nimekula kiapo hicho. Kiapo hakiliwi kwa mdomo tu. Nikiona haki hizo zinakwama mezani, siwezi kusema hayo ni mambo ya wenyewe nikaendelea na shughuli zangu, na sitaki Waswahili wenzangu waseme hivyo.

Ombi langu kubwa ni moja. Mwanafunzi wa Mataifa ya Kwanza mwenye ulemavu anapohitaji huduma ili asome, ofisi ya kwanza aliyoiendea ilipe, halafu serikali zenu mbili zidaiane zenyewe baadaye. Wazo hili si langu, na kwenu si geni. Kanada ilikwisha kulikubali kwa watoto. Nawaomba mlivushe mlango wa chuo.

Wasomaji wangu wengi hawajui lilikotoka, kwa hiyo mniruhusu nilieleze. Jordan River Anderson alizaliwa Manitoba mwaka 1999, mtoto wa jamii ya Norway House Cree Nation, na tangu kuzaliwa alihitaji uangalizi mkubwa wa hospitali. Alipofika miaka miwili madaktari walisema anaweza kutoka akalelewe kwenye nyumba ya familia, ilimradi huduma zimfuate huko. Hapo ndipo serikali kuu na serikali ya jimbo zilipoanza kuvutana juu ya nani alipe. Angekuwa mtoto mwingine wa Manitoba, jimbo lingelipa. Lakini alikuwa wa Taifa la Kwanza, na mambo ya Mataifa ya Kwanza huhesabiwa kuwa ya Ottawa. Walivutana zaidi ya miaka miwili. Mwaka 2005 Jordan alifariki hospitalini akiwa na miaka mitano, hajawahi kuishi nyumbani.

Tarehe 12 Desemba 2007 Bunge la Kanada lilipitisha kwa kauli moja hoja yenye jina lake: mtoto wa Mataifa ya Kwanza apewe huduma kwanza, ugomvi wa bili ufuate. Hata hivyo serikali iliibana Kanuni ya Jordan kwa tafsiri finyu, ikawa karibu hakuna mtoto anayeingia ndani yake. Ilihitajika kesi. Cindy Blackstock na jumuiya yake ya kutetea watoto, pamoja na Baraza Kuu la Mataifa ya Kwanza, walifungua malalamiko mwaka huo huo wa 2007, na Januari 2016 baraza la mashauri ya haki za binadamu la Kanada likaamua kwamba serikali ilikuwa ikiwabagua watoto hao, likaamuru kanuni itekelezwe kwa ukamilifu. Tangu hapo watoto wamepata vifaa vya kusikia, viti mwendo, usafiri, tiba ya kuongea, msaidizi wa darasani. Wapo walioingia chuoni kwetu ambao, bila kanuni hiyo, wasingemaliza sekondari.

Sasa tatizo lenyewe. Kanuni ya Jordan humhusu mtoto tu, yaani aliye chini ya umri wa utu uzima katika jimbo lake. Ontario, Manitoba, Saskatchewan na Alberta ni miaka 18. Hapa British Columbia ni 19. Tafadhali utazameni umri huo kwa jicho la mtu wa chuo. Ndio umri hasa ambao kijana anaanza masomo ya juu. Nchi imemsaidia kupanda darasa kwa darasa, na anapofika anapokwenda kupata cheti cha kumpatia kazi, msaada unakatika. Ulemavu wake haukukatika.

Kuna kijana mmoja ninayemfikiria kila ninapolisema hili. Alijiunga nasi Septemba kusomea utunzaji wa mazingira, akiwa na miaka 18, anatumia kiti mwendo cha umeme. Kozi yake si ya ukumbini. Wanafunzi huenda mtoni kuhesabu samaki aina ya samoni wanaopanda kutaga, hupima kina cha maji na joto lake, na mzee wa jamii huwaeleza mto ule ulivyokuwa zamani na kwa nini pahala fulani pasikanyagwe. Kingo za mto ni kokoto tupu. Wiki ya kwanza wenzake walikuwa wakimtandikia vipande vya plaiwudi: wawili mbele, wawili nyuma, kipande kimoja kinatolewa nyuma kinaletwa mbele, mpaka anafika kwenye maji. Alishika daftari la hesabu yeye, kwa sababu ana mwandiko mzuri na hachoki. Magurudumu mapana ya kupita kwenye kokoto yalikuwa yameombwa, pamoja na betri mpya, maana ile ya zamani ilikuwa inazimika asubuhi za baridi.

Oktoba akatimiza miaka 19. Barua ikaja kwamba maombi yake yamefungwa kwa sababu ya umri. Nilipiga simu ofisi moja, nikaambiwa mtu mzima ni wa jimbo. Nikapiga ya jimbo, nikaambiwa mwanafunzi wa Mataifa ya Kwanza ana mifuko yake ya serikali kuu, nianzie huko. Nilirudi nilikoanzia. Hakuna aliyekuwa mkali na hakuna aliyesema kijana hastahili. Kila mmoja alisoma karatasi yake vizuri kabisa, na kila karatasi ilielekeza kwingine. Baridi ikaingia, betri ikafa, na kijana akabaki kwao rizavu, ardhi waliyotengewa watu wa asili, wakati wenzake wanamaliza hesabu ya samoni. Alipata alama ya kutokamilisha kozi. Alama hiyo iko kwenye rekodi yake kana kwamba yeye ndiye hakutaka kumaliza.

Mwenye kutafuta chanzo ataanzia kwenye Katiba ya 1867. Kifungu cha 91(24) kiliipa serikali kuu mamlaka juu ya watu wa asili na ardhi walizotengewa, ndizo hizo rizavu. Kifungu cha 93 kiliyapa majimbo elimu. Basi mwanafunzi wa asili anapoingia chuo anakuwa amesimama kwenye vifungu viwili kwa wakati mmoja. Akiwa na ulemavu inaongezeka habari ya afya na ustawi, ambayo nayo ina mgawanyo wake. Siwalaumu ninyi kwa mgawanyo wa mwaka 1867. Ninachosema ni kwamba kwa mtoto mlikwisha kukubali mgawanyo huo usimzuie kupata huduma, na hakuna sababu ya maana ya kumnyima mtu wa miaka 19, au wa miaka 40, kile kile.

Najua jibu linaloandaliwa: kwamba watu wazima wana ruzuku zao. Wanazo, na ni vizuri zipo. Ipo ruzuku ya serikali kuu ya huduma na vifaa kwa wanafunzi wenye ulemavu, inayofikia dola 20,000 kwa mwaka, ya kulipia mkalimani, mwandishi wa noti, mwalimu wa ziada, programu za kompyuta. Lakini ili uipate, lazima kwanza uonekane kwenye hesabu ya mikopo ya wanafunzi kwamba una upungufu wa fedha wa angalau dola moja. Mwanafunzi ambaye Taifa lake limemlipia ada na posho anaweza kuonekana hana upungufu. Dola moja ikikosekana upande huu, ruzuku ya upande ule inafungwa. Posho ile ni ya kula na kulala. Haikuwekwa kumlipa mkalimani wa lugha ya alama kwa saa. Na wapo wazazi na wazee wanaomkataza kijana wao kujaza fomu ya mkopo wa serikali kabisa, kwa sababu wanaamini elimu ni haki ya mkataba wa mababu zao na serikali, na haikopwi. Hao nao mnawaambia nini?

Fedha za Mataifa yenyewe ni finyu. Serikali kuu hupitisha mfuko wa elimu ya juu kwa halmashauri za jamii, nazo huwagawia wanafunzi wao. Mwaka 1996 Ottawa iliweka kikomo, nyongeza isizidi asilimia 2 kwa mwaka, na kikomo hicho kikakaa takriban miaka 20 huku vijana wakiongezeka na ada zikipanda. Foleni ya wanafunzi iliyotokana na hapo ndiyo ambayo Tume ya Ukweli na Maridhiano, iliyochunguza shule za bweni za watoto wa asili, iliitaja mwaka 2015, kwenye wito wake wa 11, ikiitaka serikali itoe fedha za kutosha kuimaliza. Sasa mkae kwenye kiti cha ofisa elimu wa jamii ndogo. Ana majina mengi kuliko fedha. Mmoja wao ni kiziwi, na mkalimani wake peke yake atameza fungu la wanafunzi kadhaa. Mnamlazimisha ofisa huyo, ambaye huenda ni shangazi yake yule kijana, achague kati ya ndugu na ndugu. Uchaguzi huo si wake. Umesukumwa kwake kutoka juu.

Halafu kuna karatasi za kuthibitisha ulemavu. Kwa mwenye kiti mwendo mambo ni rahisi kidogo. Kwa mwenye disleksia, yaani ugumu wa kusoma maandishi, mwenye usonji, au aliyeumia kichwa, inatakiwa tathmini ya mtaalamu, na tathmini ya ugumu wa kujifunza hugharimu maelfu ya dola na mtaalamu mwenyewe yuko mjini. Hata kufika mjini ni kazi. Mabasi ya Greyhound yalisitisha safari za Kanada Magharibi tarehe 31 Oktoba 2018, na sehemu nyingi za ndani ya jimbo asiye na gari anategemea kuomba lifti. Wanafunzi wetu wengi ni watu wazima wenye watoto, waliosoma shule ambazo hakuna aliyewahi kuwapima. Waliambiwa wavivu wakaamini. Anapokuja kwangu mama wa miaka 38 akaniambia herufi zinamchezea tangu utoto, nami nikamjibu alete barua ya daktari kwanza, nakuwa nimemfungia mlango wa pili maishani mwake.

Hapa naomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu watu hudhani ni habari ya gharama tu. Familia nyingi za hapa zina sababu ya kuogopa ofisa anayekuja na fomu ya kumpima mtoto. Zaidi ya watoto 150,000 wa watu wa asili walipelekwa kwenye shule za bweni za serikali na makanisa. Walioingia humo waliorodheshwa, wakapimwa, wakapewa namba. Na Sheria ya Wahindi ya 1876, ndivyo serikali ilivyowaita watu wa asili, ilisema mtu wa asili akipata shahada ya chuo kikuu, au akiwa daktari au mwanasheria, hadhi yake ya Uhindi wa kisheria inaondoka. Kusoma mpaka juu kulikuwa ni kuacha kuwa mtu wa kwenu. Bibi aliyekua akisikia habari hizo hamhimizi mjukuu wake kujaza kurasa za maswali kuhusu kasoro za akili na mwili wake, zikakae kwenye faili la serikali. Kwa hiyo naomba neno la mwalimu anayemfundisha, au la mzee wa jamii anayemjua tangu alipozaliwa, litoshe kumfungulia huduma za mwanzo: muda wa ziada kwenye mtihani, programu ya kusoma skrini, mtu wa kumwandikia noti. Hayo hayamtajirishi mtu. Hakuna mzima atakayeghushi disleksia ili apewe nusu saa zaidi ya kufanya mtihani wa hesabu. Barua ya mtaalamu ije baadaye, na mlipe ninyi.

Niwasimulie habari ya mwanafunzi mwingine, kwa sababu inaonyesha kitu ambacho fomu zenu haziwezi kukiona. Ni dada wa makamo asiyeona, anayesoma lugha ya mababu zake, nłeʔkepmxcín. Waliobaki wanaoizungumza tangu utotoni ni wachache na wengi ni wazee. Vitabu vya kozi vipo kwenye kompyuta, kwa hiyo karatasini mambo yake yalionekana yametimia: ana programu, ana faili. Siku niliyokaa naye akanipa sikio moja la hedifoni nisikie. Programu inasoma kwa sauti ya Kiingereza. Ikifika kwenye ʔ, ile sauti ya kukata pumzi kooni, mara inairuka, mara inaitaja kwa jina refu la alama katikati ya neno. Ikifika kwenye ł inasoma l ya kawaida. Sentensi nzima inatoka imevunjika. Alikuwa amekariri kurasa za sentensi zilizovunjika, kwa bidii, usiku, ili asibaki nyuma.

Mimi kwetu Tanga nilikuwa mwalimu wa watoto wasioona, na nukta nundu, maandishi yao ya kugusa kwa vidole, naijua. Tukamwomba bibi mmoja mwenye zaidi ya miaka 80, mmoja wa wazee wanaokuja chuoni kukaa na wanafunzi. Walikaa meza ya pembeni mwa jiko, bibi anatamka polepole, dada anarekodi kwenye simu, halafu anarudia mpaka bibi aseme ndiyo. Tulikubaliana sisi watatu nukta zipi zisimame badala ya sauti ipi. Walipofika kwenye majina ya samaki na ya upepo, bibi alikuwa haulizwi tena, anaendelea mwenyewe, na wanafunzi wanaoona wakaanza kuja na madaftari yao. Nikaomba bibi alipwe kutoka fungu la mwalimu wa ziada la mwanafunzi yule. Ofisi moja ya ufadhili ilinijibu kwamba hana cheti cha kufundisha wasioona.

Nani anacho? Mtu mwenye cheti hicho na lugha hiyo kwa pamoja sijamwona. Sheria ya Ufikivu ya Kanada ya 2019 inazitambua lugha za alama za watu wa asili kuwa miongoni mwa lugha za msingi za viziwi nchini. Hongereni kwa hilo, limekaa vizuri sheriani. Sasa fedha zifuate roho hiyo hiyo. Mzee anayempa mwanafunzi asiyeona lugha ya mababu zake anatoa huduma kwa mtu mwenye ulemavu, na anastahili malipo kama mtaalamu mwingine yeyote.

Watu wema huniuliza kwa nini wanafunzi hawa wasiende vyuo vikuu vya Vancouver, penye ofisi kubwa za huduma, wataalamu na lifti kila jengo. Anayetaka kwenda na aende. Lakini vyuo hivi havikuanzishwa kwa sababu watu walishindwa kupata nafasi mjini. Mwaka 1970 wazazi na wazee waliikalia shule ya bweni ya Blue Quills huko Alberta, wakakataa kutoka mpaka ikawekwa mikononi mwao, na leo ni chuo kikuu chao wenyewe. Mwaka 1983 jamii tano za bonde la Nicola, hapa British Columbia, zilianzisha taasisi yao, ambayo mwaka 1995 jimbo liliitambua kuwa chuo cha umma. Ohsweken, Tyendinaga, kisiwa cha Manitoulin, kote huko Ontario watu wamejijengea pa kusoma bila kuvuliwa walivyo. Na kwa mwenye ulemavu kuna jambo la ziada ambalo wa ofisini hawalioni. Nyumbani kuna ndugu anayemsaidia kuoga asubuhi, binamu mwenye gari, jirani anayejua la kufanya kifafa kikimshika. Ukimpeleka mjini peke yake umemvua hayo yote, halafu unampa orodha ya namba za simu. Wengi waliokwenda walirudi kabla ya Krismasi.

Udogo wa vyuo ndio hoja ya mwisho ninayoisikia: wanafunzi wachache, kwa nini fedha nyingi? Mkalimani wa lugha ya alama analipwa kwa saa ile ile, darasa liwe na watu 300 au 9. Chuo kikubwa kinagawanya gharama hiyo kwa maelfu ya wanafunzi. Kwetu mtu mmoja anasajili wanafunzi, anashauri wenye matatizo ya nyumbani, anasimamia mitihani, na huduma za ulemavu anazifanya saa zinazobaki. Mkiendelea kugawa kwa vichwa, chuo kidogo hakitapata hata nusu ya mtu. Mwaka 2024 British Columbia ilipitisha sheria ya kuvipa vyuo vilivyoidhinishwa na Mataifa ya Kwanza fedha za uendeshaji za kudumu badala ya kuombaomba kila mwaka. Ilikuwa hatua kubwa na nawashukuru waliopigania. Naomba ndani yake kila chuo kihakikishiwe walau mfanyakazi mmoja wa kudumu wa huduma za ulemavu, bila kujali idadi ya wanafunzi, na ngazi yake ya mshahara ilingane na ya wenzake wa vyuo vikubwa ili asiondoke baada ya muhula mmoja.

Hata takwimu mnazozitumia kupanga zina pengo. Utafiti wa taifa kuhusu ulemavu wa mwaka 2017 ulionyesha kwamba asilimia 32 ya watu wa Mataifa ya Kwanza wanaoishi nje ya rizavu, wenye umri wa miaka 15 na kuendelea, wana ulemavu, wakati kwa Kanada nzima ilikuwa asilimia 22. Nje ya rizavu. Wanaoishi ndani ya rizavu utafiti ule haukuwagusa. Wanafunzi wangu wengi wanatoka huko huko kusikohesabiwa, na bajeti ya mtu asiyehesabiwa hupangwa kwa kukisia.

Waheshimiwa, haki hizi si za kubembeleza. Kanada iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka 2010, na kifungu cha 24 kinataja elimu ya juu wazi wazi. Azimio la Umoja wa Mataifa la haki za watu wa asili, kifungu cha 14, linawapa haki ya kuwa na mifumo yao ya elimu na kuisimamia, na vifungu vya 21 na 22 vinataka wenye ulemavu miongoni mwao waangaliwe kwa namna ya pekee. British Columbia ililifanya azimio hilo kuwa sehemu ya sheria zake mwaka 2019, Ottawa mwaka 2021. Siombi sheria mpya. Naomba kanuni moja iliyopo isogezwe umri.

Wekeni kwamba aliyekuwa chini ya Kanuni ya Jordan akaingia chuo, huduma zake ziendelee mpaka amalize masomo, na anayeanza chuo akiwa mtu mzima apate ulinzi ule ule tangu siku ya kujiandikisha. Futeni sharti la dola moja kwa wanafunzi wanaolipiwa na Mataifa yao. Na kabla hamjaandika lolote, waiteni wenyewe, wanafunzi wenye ulemavu na wazee wa vyuo hivi, wakae nanyi meza moja. Pale Victoria kuna mtandao wa watu wa asili wenye ulemavu, BCANDS, unaofanya kazi hii tangu 1991. Wanajua nani wa kuitwa.

Muhula mpya unaanza Septemba. Yule kijana amejiandikisha upya kwa kozi ya mto, na magurudumu yake bado hayajaja, kwa hiyo tunahitaji jibu kabla ya Juni kwisha, vifaa viweze kuagizwa. Mtakapojibu, tafadhali tumeni andiko linaloweza kusomwa na programu ya kusoma skrini. Barua nyingi tunazopokea ni picha ya karatasi iliyogongwa muhuri, na asiyeona hawezi kuisoma mpaka amtafute mtu wa kumsomea mambo yake. Jibu lenu wanafunzi wanataka kulisoma wenyewe.

Wenu katika kazi,

Mtoa huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu,
British Columbia